Afande Umestaafu, Sasa Unakabidhiwa Shotgun Getini

Wiki hii ameniandikia msomaji wa Morogoro, sajenti mstaafu wa polisi. Kampuni ya ulinzi imemwita akalinde tawi la benki usiku, na silaha atakayopewa ni pampu, yaani shotgun ya kuvuta mshikio. Anauliza: "Miaka yote nimebeba SMG, bunduki ya magazini, hapa kuna kipya gani cha kujifunza?"

Kipo, na ndicho kinachoua watu kwenye makabidhiano ya zamu.

Mkono wa askari umezoea hivi: chomoa magazini, koki, tazama chemba, elekeza mtutu pasipo na mtu, vuta triga, basi. Pampu nyingi hazina magazini ya kuchomoa. Risasi zimelala kwenye bomba chini ya mtutu, nne, tano au zaidi kutegemea aina. Ukivuta mshikio wa mbele kurudi nyuma, iliyo chembani inatoka. Ukiusukuma mbele, nyingine inapanda palepale. Mstaafu ameona risasi imedondoka, mwili unamwambia silaha ni tupu, anavuta triga kama alivyofundishwa chuo cha polisi Moshi. Inalia.

Kwa hiyo jifunze upya, taratibu. Mtutu uelekee kwenye pipa la mchanga. Kama kituo hakina pipa, lidai. Kidole nje ya triga, sefti imefungwa. Bonyeza kitufe cha kuachia kilicho karibu na triga, vuta mshikio hadi mwisho, rudisha, vuta tena, mpaka pasitoke kitu. Kisha ingiza kidole cha mwisho chembani, halafu kwenye mdomo wa bomba, uguse kile kisukumio cha springi. Usitegemee macho, saa 12 asubuhi taa za getini zinadanganya, na macho ya miaka sitini si yale ya depo. Hesabu risasi mkononi zilingane na daftari. Kabidhi chemba ikiwa wazi, triga usiiguse kabisa.

Kosa la pili ni kuvuta nusu. Ukiwa na hofu mkono unafupisha mwendo, ganda halitoki, risasi mpya inaligonga, silaha inakwama wakati unaihitaji. Fanya mazoezi ya kuvuta hadi mwisho kwa risasi za bandia. Na risasi halisi zisikae bombani miezi na miezi: ganda la plastiki linabanwa na springi hadi linaharibika umbo, na ukiwa Tanga au Dar, kitako chake cha shaba kinaota ukijani kwa hewa ya chumvi. Yenye dalili hizo irudishe stoo, uandike.

Sheria nayo imebadilika juu yako, hata kama vijana wa bodaboda bado wanakuita afande. Sheria ya Jeshi la Polisi ilikuruhusu kutumia silaha katika mazingira fulani ukiwa kazini. Mamlaka hayo uliyarudisha pamoja na sare. Sasa unakamata kama raia yeyote: kosa liwe limetendeka mbele yako, na mtu umfikishe polisi bila kuchelewa. Kupekua begi ni kwa ridhaa ya mwenye begi. Akikataa, unamzuia kuingia, basi. Mwizi akitupa mzigo na kukimbia, hatari imekwisha, na utetezi wako chini ya Kanuni ya Adhabu umekwisha naye. Usimpige risasi mgongoni. Risasi ya kutisha hewani pia iache. Risasi moja ya goroli kubwa mara nyingi hubeba goroli tisa, na kila moja itatua mahali, kwenye bati la mtu au kwenye kituo cha daladala.

Kabla ya kusaini mkataba, omba kuona leseni ya silaha, ulinganishe namba na iliyochongwa kwenye chuma. Uliza saa za kazi. Wengi wanapangwa saa 12 kwa usiku sita, yaani saa 72 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inaweka saa 45 za kawaida, na ziada isiyozidi saa 50 katika wiki nne, inayolipwa mara moja na nusu. Piga hesabu: kwa wiki nne ziada yako inafika saa 108. Usiku, saa 2 hadi saa 12 asubuhi, una nyongeza ya asilimia 5. Mtu aliyechoka kiasi hicho hapaswi kushika silaha, na wastaafu wananyamaza kwa kuwa wana pensheni na hawataki kuonekana wasumbufu. Msinyamaze.

Na msimamizi wako anaweza kuwa kijana wa mgambo anayekuita mzee. Akikuambia ufungue silaha ahesabu risasi, fungua. Cheo chako kimebaki kwenye picha ukutani.

Ikitokea umefyatua, usiokote maganda. Toa kidole, funga sefti, mpigie msimamizi na kituo cha polisi, na silaha uikabidhi kwa askari anayesaini kuipokea. Kisha utakaa upande wa pili wa ile meza uliyoizoea, ukiandikiwa maelezo ya onyo, yale ya mtuhumiwa. Unajua haki uliyokuwa ukiwasomea watu siku zote: wakili, ndugu au rafiki awepo. Itumie. Na siku ya kusaini mkataba, waulize kampuni nani atamlipa huyo wakili, wakuandikie jibu.