Maswali na Majibu: Shirikisho Likivunjika, Kinu cha Nyuklia ni cha Nani?

Ukraine ilikuwa na mabomu ya nyuklia. Mbona haikuyatumia kuitishia Urusi? (Msomaji, Dodoma)

Jamani, swali hili tena! Umoja wa Kisovieti ulipovunjika, Ukraine ilirithi vichwa vya nyuklia vya makombora ya masafa marefu kama 1,900, lakini namba za siri za kuvifyatulia zilibaki Moscow. Mwaka 1994 ilipewa hati ya Budapest, yenye ahadi za kuheshimu mipaka yake, na kufikia Juni 1996 vichwa vyote vilishapelekwa Urusi. Ulizeni badala yake kwa nini hati ile haikuweka adhabu yoyote kwa atakayeivunja.

Nchi ikigawanyika, sheria zake za nyuklia zinakufa? (Mombasa)

Hazifi. Cheki na Slovakia ziliachana 1993 zikaendelea na sheria ya 1984 hadi kila moja ilipotunga yake, 1997 na 1998.

Slovenia na Kroatia zinamilikije kinu kimoja? (Bukoba)

Afadhali wewe. Kinu cha Krško kiko Slovenia, ila kilijengwa enzi za Yugoslavia kwa fedha za pande zote mbili, nusu kwa nusu. Walipoachana wakavutana juu ya gharama, na Julai 1998 Slovenia ikaikatia Kroatia umeme. Mkataba wa 2001, ulioanza kutumika 2003, ukarudisha nusu kwa nusu. Kesi ya Kroatia kudai fidia ya umeme iliokosa ikaendelea mbele ya wasuluhishi Washington hadi 2015, Slovenia ikaamriwa kulipa takriban euro milioni 40.

Huo ni umeme, kila mtu anautaka. Taka za nyuklia je? Mkataba uleule unasema wasipopata suluhisho la pamoja, kila mmoja abebe nusu yake. Slovenia ilichagua Vrbina, jirani na kinu chenyewe. Kroatia ikaona pafaapo ni Čerkezovac, kambi ya zamani ya jeshi karibu kabisa na mpaka wa Bosnia. Watu wa Novi Grad, ng'ambo ya mto Una, hawana hisa hata moja Krško. Wanalalamika, na mimi niko upande wao. Kinu nacho kimeongezewa muda hadi 2043, kwa hiyo mzigo unakua.

Belarus nayo? (Kisumu)

Vichwa vya nyuklia ilivyorithi navyo viliondoka 1996. Februari 2022 kura ya maoni ikafuta lengo la kikatiba la kuwa eneo lisilo na nyuklia. Msiseme hamkuonywa.

Kazakhstan iliteswa na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya Kisovieti kule Semipalatinsk. Imekubalije kinu? (Tanga)

Kwa kura, Oktoba 2024, asilimia 71 hivi. Karatasi iliuliza jambo moja tu: unakubali kinu kijengwe? Taka zitalazwa wapi, halikuulizwa.