MASWALI YENU YA BAISKELI: Fremu ya chuma, giya moja na milima ya Mbale

Swali: Mzee fundi, habari ya kazi. Mi niko Mbale, nimepata baiskeli ya mlima ya zamani, zile za mitumba kutoka nje, giya zake zimekufa zote na kile kimkono cha giya cha nyuma kimepinda. Rafiki yangu ananambia toa giya zote weka moja tu kama baiskeli ya mizigo, mwingine anasema huku chini ya mlima Wanale nitakua nasukuma kila siku. Nimfuate nani?
*Msomaji, Mbale*

Jibu: Kijana wangu, mfuate huyo wa kwanza, ila kabla hujatoa shilingi hata moja tafuta sumaku, ile ya spika iliyokufa inatosha, ibandike kwenye fremu. Ikinata ni chuma, na hio ndo fremu ya kuhangaika nayo, manake chuma kikipasuka kinaungika na kikipinda kidogo kinanyooshwa. Isiponata ni alumini, hio ikipasuka kuiunga ni kazi ngumu kweli na wengi wanaiharibu tu.

Alafu chomoa nguzo ya siti, pindua fremu kichwa chini, uone kama itatoka maji au unga wa kutu. Angalia vizuri pale bomba la juu na la chini yanapokutana na kichwa cha usukani, na kule chini kwenye pedali. Rangi ikivimba kama malengelenge, au ukiona mstari mwembamba kama unywele, hapo ndo pataachia siku uko kwenye mteremko, kwa hio usipake rangi juu yake ukasema imepona. Ukienda kwa welda mwambie mapema kwamba bomba hizi ni nyembamba, umeme ule wa kuchomelea madirisha na mageti unazitoboa, ni afadhali gesi na fimbo ya brasi. Fremu yangu ya kwanza ilitobolewa hivo hivo nikiwa nimesimama pale naangalia, na mpaka leo inaniuma.

Huyo anaekutisha na kusukuma mkumbushe kitu kimoja. Boda boda zilianza hapo Busia na baiskeli, watu wanavushwa kutoka mpaka huu kwenda mpaka ule wamekaa nyuma na mizigo yao, na baiskeli zenyewe zilikua za chuma, giya moja. Hata huko Marekani, wale vijana wa Marin County, California walioanzisha mchezo wa baiskeli za mlima, walishuka na baiskeli nzito za chuma za zamani, nyingi zina giya moja na breki ya kukanyaga nyuma. Mashindano yao ya Repack yalianza 1976, na jina lilitokana na kwamba wakifika chini grisi ya habu ya nyuma (kile kitovu cha gurudumu) imeungua yote kwa joto la breki, inabidi kupaka upya, ndo hio "repack" kwa Kiingereza. Kwa hio giya moja mlimani ni kitu cha zamani kabisa, kinachotaka akili ni kuchagua hio moja.

Hesabu yake: gawanya meno ya sproketi ya mbele (ile duara ya meno inayoshika cheni) kwa meno ya ile ya nyuma. 32 kwa 16 ni 2, yani pedali ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara mbili, na gurudumu la inchi 26 lenye tairi nene mzunguko mmoja ni mita 2 na kidogo, kwa hio unasogea kama mita 4. Ukiweka 20 nyuma inakua 1.6, unasogea mita 3.3 hivi lakini mguu unapata nafuu kubwa kwenye kilima. Wengi wenye gurudumu la 26 wanaanzia hapo kwenye 2 kwa 1, ila we uko Mbale, mi ningekuanzisha na 32 kwa 18 na nikakutafutia 20 ukaiweka kwenye droo. Kwenye lami ya tambarare utazungusha miguu haraka alafu bodaboda ya injini itakupita, muache apite. Na usidanganywe na hizo baiskeli za mizigo, nyingi mbele zina meno zaidi ya 40, ukiiga hio ukapanda nayo kilima magoti yatakulilia.

Mbele kama una sproketi tatu tumia ya katikati, mara nyingi ndo ya 32. Nyuma sasa inategemea habu. Kama zile giya zinachomoka moja moja, bakisha moja na ujaze nafasi kwa zile ringi za katikati yake, zikipungua kata bomba la plastiki la maji, watu wameendesha hivo miaka. Kama zote ni friwili moja (giya zimeshikana na ile sehemu inayolia tik-tik) ya kufunga kwa nyuzi, ifungue na weka friwili ya BMX, nyuzi kwa kawaida zinaingia. Ila hapo fundi itabidi ahamishe washa za ekseli na avute spoku upya ili gurudumu likae katikati, ukiruka hio hatua cheni itakaa mshazari na itakua inaruka kila siku. Piga magoti nyuma ya baiskeli uangalie kwa jicho moja, cheni inatakiwa iende mbele imenyooka kabisa.

La mwisho ni kukaza cheni, na hapa ndo wengi wanakosea. Kama pale ekseli inapokaa pamepasuliwa kwa kulala, we vuta gurudumu nyuma, basi. Kama pamepasuliwa kwa kusimama gurudumu halivutiki, na fremu nyingi za miaka ya 90 ziko hivo. Hapo kile kimkono ulichosema kimepinda, kama kinanyooka usikitupe! Toa waya wake, kaza ile skrubu ndogo ya kuzuia mpaka kisimame sawa chini ya sproketi yako, kitafanya kazi ya kuvuta cheni tu. Kwenye fremu ya kuvuta gurudumu, cheni ikiguswa katikati icheze juu chini kama sentimita moja. Ikikaza kama waya inakula beringi.

Swali: Fundi, mi ni mama wa watoto watatu, niko Tororo, kaka yangu kanijengea baiskeli ya giya moja ya kwenda shambani. Tambarare naenda vizuri, kwenye kilima inakufa katikati, na kushuka kwenye maramu naogopa sana. Nakosea wapi?
*Mama watatu, Tororo*

Jibu: Mama, hongera, na hukosei popote, hujafundishwa tu. Anza na siti. Ukikaa weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Siti nyingi naziona ziko chini mno alafu watu wanalaumu kilima.

Kilima cha giya moja kinaanza kabla ya kilima. Ongeza mwendo ukiwa bado kwenye usawa, ingia nao, na pedali zikianza kuwa nzito simama kabla hazijafa, usisubiri. Ukisimama acha baiskeli iyumbe kidogo kushoto na kulia chini yako, we vuta usukani upande wa mguu unaokanyaga, na usilale sana mbele manake gurudumu la nyuma linakosa uzito na kwenye udongo wa mvua linateleza. Angalia mbele mita kumi, sio tairi. Pakilegea hata hatua tatu kaa, pumua. Ukishindwa shuka usukume, wiki ijayo utafika mti unaofuata.

Kushuka: pedali zote mbili usawa, simama kidogo, rudisha makalio nyuma ya siti, viwiko vilegee. Shika breki mapema kabla ya kona, ukiwa ndani ya kona juu ya changarawe achilia. Tumia zote mbili, ya mbele pole pole, ndo inayosimamisha zaidi na ndo inayoangusha ukiishika kwa hofu. Na mwambie kaka yako, kwa upendo, kwamba mteremko wa maramu hautaki breki moja, kama kaweka ya nyuma tu arudi aweke ya mbele wiki hii hii.

Swali: Cheni yangu inaruka nikisimama kukanyaga. Nimekaza, bado.
*Msomaji, Busia*

Jibu: Pima. Vipande 24 vya cheni mpya, kutoka pini mpaka pini, ni inchi 12 kamili. Ikisoma 12 na moja ya nane imekwisha, badilisha pamoja na sproketi ya nyuma kama meno yake yamechongoka, manake cheni mpya juu ya meno mabovu itaruka vilevile. Na mpaka ubadilishe, usisimame juu ya pedali kwenye barabara yenye malori.