Maswali ya Wazazi: Mbona Daftari la Mwanangu ni Jeupe?

Mwanangu ana miaka 4. Kila siku anarudi kutoka chekechea kachafuka, daftari jeupe. Nalipa ada ya kucheza? (Mama, Lindi)

Dada yangu, nimefundisha darasa la awali miaka 11, na swali hili naulizwa kila Januari. Leo jioni kaa naye mkekani mcheze mdako. Anarusha kijiwe juu, anazoa viwili, anakidaka kile cha juu kabla hakijaanguka. Hapo amehesabu, jicho na mkono vimesikilizana, amengoja zamu yake, na akikosa amevumilia. Vidole vinavyotunga vizibo vya soda kwenye uzi ndivyo vitakavyoshika penseli darasa la kwanza. Nimewapokea watoto waliolazimishwa kunakili herufi ukurasa mzima wakiwa na umri huo. Wakiona penseli tu, wanaficha mikono nyuma. Inaniuma sana.

Bibi yake anamlea vizuri. Si aanze darasa la kwanza moja kwa moja? (Baba, Morogoro)

Hapana, kaka. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 imeufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Hadithi na vitendawili vya bibi ni hazina, viendelee kila jioni. Ila nyumbani hakuna wenzake 20 wa kugombea nao mpira, wakanuniana, kisha wakapatana wenyewe.

Huko Ypsilanti, Marekani, kuanzia 1962 watafiti waliwafuatilia watoto 123 wa familia maskini, wengine wakipelekwa chekechea, wengine la. Walipofika miaka 40, waliopelekwa ndio waliokuwa wamemaliza sekondari kwa wingi zaidi, na kipato chao kilikuwa kikubwa zaidi. Walimu wao walikuwa wakiwatembelea nyumbani kila wiki. Nami naamini kujuana huko kwa mwalimu na mzazi kulichangia sana.

Shule nzuri nitaijuaje? (Mama, Temeke)

Usiangalie picha za ukutani. Nenda saa ya uji, bila kutoa taarifa. Mwalimu anachuchumaa akiongea na mtoto, au anafoka akiwa mlangoni? Kagua choo. Wahesabu watoto pia: kiwango ni 25 kwa mwalimu mmoja.

Analia kila nikimwacha getini. (Mama, Tanga)

Muage, usimtoroke. Mwambie utamfuata wakishakunywa uji na kucheza, na umfuate kweli. Mkatie kipande cha khanga yako akiweke mfukoni. Wapo wanaokishika asubuhi nzima, hadi siku moja unakikuta kimesahaulika chini ya bembea.