Maswali yenu kuhusu salmoni na vituo vya vifaranga

Makala yangu iliyopita ilisema kwamba vituo vya kutotolesha vifaranga vya salmoni magharibi mwa Marekani, vilivyojengwa ili kuwaokoa samaki hao, vimechangia kuwadhoofisha wale wa asili. Salmoni huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi mtoni kuzaliana. Maswali yamekuja mengi. Nayajibu yale yaliyojirudia.

Kuongeza samaki mtoni kunawezaje kuwapunguza?

Kwa njia tatu, na ya kwanza ndiyo nzito. Mtoni vifaranga wengi hufa, wakabaki wanaoyaweza maji hayo. Kituoni wengi hupona. Anayekimbilia juu akiona kivuli cha mtu ndiye anayewahi chakula na kunenepa. Mtoni, huyo huyo ndiye wa kwanza kuliwa na ndege. Akirudi kutoka baharini akazaliana na wa asili, udhaifu wake unaingia kwenye ukoo wote. Utafiti wa steelhead (trauti, jamaa wa salmoni, wanaokwenda baharini na kurudi mtoni) wa mto Hood, Oregon, uliochapishwa 2007, ulionyesha kwamba kila kizazi kinacholelewa kituoni hupunguza uwezo wa kuzaliana mtoni kwa karibu asilimia 40.

Pili, vifaranga hao huachiwa kwa mamilioni, wakiwa wameshakua, wakagombea chakula na wenyeji. Tatu ni nyavu. Samaki wa kituo wakiwa wengi, uvuvi huruhusiwa, na wavu hauchagui.

Jimbo la Montana liliacha kupandikiza trauti wa vituoni katika mito yake mwaka 1974, na trauti wanaozaliana wenyewe wakaongezeka. Natamani kila anayesema "bila vituo hakuna samaki" aufikirie mfano huo.

Basi vituo ndivyo chanzo cha yote?

Hapana. Kabla ya walowezi, salmoni na steelhead waliorudi mto Columbia, mto mkubwa wa kaskazini-magharibi mwa Marekani, kila mwaka wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 10 na 16. Viwanda vya kusindika samaki, ukataji wa misitu, uchimbaji madini na umwagiliaji viliwapunguza. Kisha yakaja mabwawa. Bwawa la Grand Coulee, lililokamilika 1942, halikuwekewa ngazi ya kupandia samaki, na sehemu yote iliyo juu yake ikafungwa. Maporomoko ya Kettle, ambako makabila yalikuwa yakivua tangu zama za mababu, yalizama.

Hapa ndipo penye uchungu wangu. Mwaka 1938, bwawa la Bonneville katika mto huo huo lilipoanza kazi, Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Mitchell, ambayo fedha zake ziliendesha vituo vya vifaranga. Ikaonekana kwamba mto unaweza kuharibiwa na samaki wakabaki. Ahadi hiyo haikuwezekana.

Na uchafuzi?

Upo. Watafiti waligundua kwamba kemikali inayotokana na vumbi la matairi, ikisombwa na mvua hadi kwenye vijito vya Seattle, huwaua salmoni aina ya coho kwa saa chache tu.

Mbona makabila ya wenyeji nayo yana vituo? Unataka vifungwe?

Sitaki, na swali hili linastahili heshima. Mikataba yao na serikali ya Marekani ya 1854 na 1855 iliwahakikishia haki ya kuvua mahali pao pa jadi, na hukumu ya Jaji Boldt ya 1974 ikawathibitishia makabila ya Washington nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Haki ya kuvua bila samaki ni karatasi tupu. Tena, vituo vingi vya Sheria ya Mitchell vilijengwa sehemu za chini za mto Columbia, mbali na makabila ya sehemu za juu yaliyopoteza zaidi. Kabila la Wanez Perce lilirudisha coho mto Clearwater, Idaho, baada ya samaki hao kutoweka kabisa; nani angewakataza?

Ziwa Redfish, Idaho, lilirudiwa na salmoni aina ya sockeye mmoja tu, dume, mwaka 1992. Bila kulelewa kituoni ukoo huo ungekwisha. Kufikia 2010 walirudi zaidi ya 1,000. Kituo kinachookoa ukoo unaokufa nakitetea. Kinachofidia mto uliozibwa nakipinga.

Niko Seattle. Jirani yangu husema hachukui samaki mwenye pezi lote. Ana maana gani?

Pezi dogo la mgongoni, karibu na mkia. Vituo hulikata kwa vifaranga wao. Mwenye pezi hilo kwa kawaida ni wa asili, na mahali pengi sheria inataka arudishwe majini.

Huku kwetu je?

Trauti wa Mlima Kenya waliletwa na wakoloni, kwa hiyo hawana ndugu wa asili wa kudhoofisha. Hofu yangu ni sato. Sehemu kadhaa za Tanzania sato waliopandikizwa wamekutwa wamezaliana na perege wenyeji.

Mto ukifunguliwa, samaki watarudi wenyewe?

Mabwawa mawili ya mto Elwha, Washington, yalibomolewa kati ya 2011 na 2014. Kwa karibu karne moja trauti walikuwa wamefungiwa upande wa juu wa mabwawa hayo, wasiweze kwenda baharini. Njia ilipofunguka, kizazi chao kilishuka baharini na kurudi kama steelhead wa kiangazi, yaani wanaorudi mtoni majira hayo, bila kupandikizwa na mtu. Katika mto Klamath, unaopita Oregon na California, mabwawa manne yaliondolewa, na Oktoba 2024, wiki chache baada ya kazi kuisha, salmoni aina ya Chinook walionekana Oregon, upande wa juu wa mahali mabwawa hayo yalipokuwa.