Kofia ya zirkonia inayokwaruza: kosa si ugumu

SWALI: Daktari, miezi minane iliyopita niliwekewa kofia ya zirkonia (ganda la kauri nyeupe ngumu linalofunika jino) kwenye gego la chini. Ilikuwa juu kidogo nikiuma, ikasagwa palepale, nikaenda zangu. Sasa ulimi ukiigusa ni kama msasa, na gego la juu linakufa ganzi kwa maji baridi. Nimeambiwa zirkonia ni ngumu mno, hula meno, niibadilishe kwa kauri laini. Nifanye hivyo, au niisugue kwa unga wa mkaa?

JIBU: Usiibadilishe kwanza, na mkaa uweke kando.

"Zirkonia ni ngumu, hula meno." Maneno haya nimeyachoka. Ni kweli inaizidi enameli, tabaka la nje la jino, kwa ugumu karibu mara nne, lakini kinachokula jino ni ukwaruzi wa uso. Kioo cha dirisha na kigae cha chupa iliyovunjika vina ugumu uleule. Pitisha kidole uone tofauti. Zirkonia iliyong'arishwa sawasawa huliumiza jino la mkabala kidogo kuliko kauri ya zamani iliyopakwa juu ya chuma, hiyo hiyo wanayokuambia ni laini!

Kofia nyingi hutoka maabara zikiwa na utando mwembamba wa kioo uliochomwa tanuruni. Ukaumishwa karatasi ya rangi, alama ikaonekana, kikapita kisagio cha almasi. Kioo kikatoka, mikwaruzo ikabaki. Hapo kazi ilikuwa bado: zifuate raba zenye chembe za almasi, kuanzia za kukwaruza hadi laini kabisa, kwa mkono mwepesi na maji, maana joto na kukandamiza huweza kuacha nyufa ndogo. Ni dakika chache. Anayeziruka amekuachia tupa mdomoni, na uso wa namna hiyo hushika utando wa bakteria pia.

Wengine hudhani kukichoma kioo upya kunatosha. Kioo hicho hulika kwa kutafuna, na kama chini yake hapakung'arishwa, msasa unarudi. Mimi huagiza kofia ing'arishwe kwanza, kioo baadaye.

Basi rudi, kofia ing'arishwe mdomoni, kisha uumaji wako upimwe tena na gego la juu likaguliwe. Ganzi huweza kutokana na kofia ambayo bado iko juu, au na ufa. Ukisaga meno usingizini, sema, utengenezewe kinga ya usiku. Kuhusu kubadilisha: kauri ya lithiamu disiliketi, aina ya kauri ya kioo, huhimili megapaskali 400 hivi (kipimo cha mkazo kabla ya kuvunjika), zirkonia ya kawaida ya magego 900 na zaidi. (Zile zirkonia angavu za meno ya mbele ni dhaifu kuliko hiyo, kwa hiyo uliza umepewa ipi.)

Sasa huo mkaa. Hauwezi kuing'arisha zirkonia, ni mlaini mno kwake. Utakachokisugua ni enameli ya meno jirani na ufizi. Wauza unga wa "kurudisha weupe wa kofia" wanajua mnunuzi hajui kwamba kauri haibadiliki rangi kwa dawa ya kung'arisha meno. Kuna na hao wanaotembea na mashine mkobani, wanasaga kofia popote bila raba hata moja. Wateja wao huja kwangu jino la mkabala likiwa limeshatobolewa enameli.

Hata kliniki kuna la kuangalia. Jeli ya floraidi yenye asidi hutafuna uso wa kauri za kioo, kwa hiyo mwenye nazo aseme kabla ya kupakwa, apewe floraidi isiyo na asidi.