Jibu kwa mleta mada: uhasibu kwenye mashirika ya Kiyahudi London, nilivyouona mimi

Dada mleta mada, pole kwa majibu ya huko juu. Umeuliza kitu kimoja tu, kwamba una CPA ya nyumbani (cheti cha uhasibu), umemfuata mumeo London, umeona shirika la Kiyahudi linatafuta mhasibu na wewe ni Muislamu wa Tanga usiyewahi hata kukanyaga sinagogi, je uombe au uache. Watu wakaanza kukumwagia siasa za Mashariki ya Kati. Mimi hiyo kazi nimeifanya miaka sita, 2016 mpaka 2022, kwenye ofisi ndogo ya wahasibu kaskazini magharibi mwa London, wateja wetu wengi walikuwa Golders Green na Hendon, mitaa yenye Wayahudi wengi, na mimi pia ni mtoto wa madrasa, kwaiyo ngoja nikuambie nilichokiona.

Omba. Hawatafuti muumini, wanatafuta mtu anayejua hesabu za mashirika ya hisani na asiyechelewesha ripoti. Kuna nafasi chache ambazo kisheria wanaweza kudai mtu wa dini yao, mfano mwalimu wa dini, ila ya debiti na krediti sio mojawapo. Ofisini kwetu tulikuwa tisa, Wayahudi watano, Wahindi wawili, Mghana mmoja na mimi. Siku ya kwanza nilitegemea maswali mengi kuhusu jina langu, swali nililoulizwa ni kama Eksel naijua vizuri au naijua ya kwenye sivii.

Alafu lile la kijiweni kwamba Wayahudi wote wamelalia hela, liache hapo hapo kijiweni. Hesabu nilizozishika mimi nyingi zilikuwa za sinagogi ambalo paa linavuja, nusu ya wanachama hawajalipa ada, na mweka hazina ni mzee wa kujitolea anayekuja na risiti za mwaka mzima ndani ya mfuko wa duka la Tesco, nyingine zimefutika wino. Tofauti na msikiti au kanisa la mtaani sikuiona.

Sheria nazo ni zile zile za kila shirika la hisani Uingereza. Ripoti inaenda Charity Commission, msimamizi wa mashirika ya hisani, ndani ya miezi 10 baada ya mwaka wa hesabu kufungwa, na kwa miaka niliyokuwepo pale mapato yakizidi pauni 25,000 ilikuwa lazima mtu huru azipitie, ukivuka milioni 1 ulitakiwa ukaguzi kamili. Unatenganisha fedha huru, fedha zenye masharti ya mtoaji, na wakfu, na mtu wa pwani wakfu hahitaji kuelezwa. Kinachokuja kukuchanganya ni njia ambazo hela inaingilia mlangoni.

Chukua Sabato. Kuanzia Ijumaa jua linapozama mpaka Jumamosi usiku hawaandiki na hawashiki hela. Lakini hapo hapo sinagogini mtu akiitwa mbele kwenye usomaji wa Torati mara nyingi anaahidi mchango, sasa utauandika wapi? Wana kadi. Kila mwanachama ana yake yenye jina, pembeni ina vipande vilivyokatwa kama masikio, kila sikio lina kiasi chake, 18, 36, 50, 100, na anayetoa anakunja sikio tu, hachani, maana kuchana nako hakuruhusiwi. (18 wanaipenda sana kwasababu herufi za neno lao la uhai zikijumlishwa zinatoa 18, ndio maana utakuta miamala ya pauni 18, 36, 180 mpaka unadhani kuna mtu anakosea kuchapa.) Jumatatu boksi la viatu linatua mezani kwako limejaa kadi zilizokunjwa na wewe ndio uzisome. Mara ya kwanza nilizinyoosha zikae vizuri kwenye faili. Nilipogundua nimefanya nini nilikuwa nimeshanyoosha kama ishirini, ikabidi mweka hazina awapigie wenyewe mmoja mmoja, aibu niliyoisikia siku hiyo we acha tu.

Huo mchango wa kuahidi wanauita shnoder, na mzee mmoja aliniambia umetoka kwenye neno la Kiebrania la kuweka nadhiri, neder. Nikamwambia kwetu ni nadhiri. Akacheka, akauliza na ya kumpa masikini je, nikamwambia sadaka, akasema kwao ni tzedakah. Ile fungu la kumi lao, maaser, mzizi wake ni wa kumi, na ushuru wetu tunaolipa bandarini umetokana na kumi ya Kiarabu, ndugu yake. Riba kwao ni ribbis. Kwaiyo dada, maneno utayazoea ndani ya wiki moja. Kihesabu ahadi sio hela, sisi tulikuwa tunaiweka kwenye orodha ya pembeni na kuiingiza kwenye mapato inapolipwa, kwasababu huwezi kumburuza mtu mahakamani kwa nadhiri.

Sasa sikiliza hili la vocha, ndio lililotaka kunifukuzisha kazi.

Uingereza kuna Gift Aid, mlipa kodi akitoa pauni 1 shirika linadai senti 25 juu yake kutoka serikalini. Safi. Ila Wayahudi wengi hawatoi moja kwa moja, wanaweka hela kwenye taasisi maalum ya hisani ambayo inadai hiyo senti 25 kwa niaba yao, inawapa kitabu cha vocha kama kitabu cha hundi, na wao wanazunguka wanachana vocha, sinagogi hii, shule ile, muombaji aliyegonga mlango jioni hadi huyo anapewa vocha, anaipeleka shirika linalomdhamini. Maana yake vocha ikifika kwako kodi yake ilishadaiwa. Mimi mwaka wa kwanza nikachukua michango yote ya shule moja ndogo, vocha za pauni 11,400 zikiwemo, nikaandaa dai la Gift Aid juu ya jumla yote. Pauni 2,850 za bure ambazo zilikuwa zimeshadaiwa na mtu mwingine! Dai lilikuwa limebaki kubonyezwa tu. Mama aliyekuwa anapitia kazi zangu akaja na faili, akaweka vocha moja juu ya meza bila kusema kitu, akasubiri niisome mwenyewe. Nikaisoma. Toka hapo vocha zilipata safu yake, rangi ya njano, na mpaka leo nikiona Eksel ya njano tumbo linakaza.

Mikopo nayo iangalie. Kuna mifuko inaitwa gemach, inakopesha bila riba, mtu anachukua pauni 3,000 za harusi ya binti analipa 50 kwa mwezi. Kwenye vitabu huo ni mkopo, sio msaada, kwaiyo kila mwaka unakaa na wadhamini, yaani wasimamizi wa mfuko, mnaulizana nani analipa na nani kapotea, na kumwambia mdhamini kwamba deni la jirani yake lifutwe ni kazi inayotaka ulimi laini kuliko hesabu. Mazishi ndio utajisikia nyumbani kabisa, wana vyama vyao kama vile vyetu vya kufa na kuzikana, unachangia kila mwaka ukifa unazikwa. Sehemu hiyo ya ada usiiombee Gift Aid, mtu ananunua huduma hapo.

Kalenda. Mwaka wao ni wa mwezi kama wetu, ila wao wanaongeza mwezi mzima mara 7 kila miaka 19, ndio maana Pasaka yao haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani, inabaki pale pale Machi au Aprili. Na Machi 31 ndio mashirika mengi yanafunga hesabu, Aprili 5 mwaka wa kodi unaisha. Mwaka 2018 Pasaka yao iliingia jioni ya Machi 30, Wakristo nao wako Ijumaa Kuu, ofisi nzima tulibaki mimi na mmoja wa wale Wahindi, wateja hawapokei simu, na kila mteja alikuwa anataka kitu kabla ya Aprili 5. Septemba na Oktoba ni sikukuu juu ya sikukuu. Disemba Ijumaa Sabato inaingia kama saa tisa na nusu alasiri, kwaiyo saa saba mchana watu wanavaa makoti. Ukiwa na mtoto wa kumchukua shule utaipenda sana hiyo Ijumaa, ila ujue Jumapili wako kazini na imeili zitakuja.

Jikoni kuna sinki mbili, nyekundu ya nyama, bluu ya maziwa, usiguse kitu kabla hujaelekezwa. Idi ya kwanza nilipeleka sambusa za mke wangu, za moto, zimenukia ofisi nzima, hakuna aliyekula. Nikanuna. Mchana yule mama wa vocha akaniita pembeni akanieleza kwamba chakula kilichopikwa jiko lisilo kosher, yaani halali yao, hawawezi, hata kiwe cha mboga. Idi iliyofuata nikapeleka maembe mazima na kisu kipya, yakaisha kabla ya chai.

Kuhusu njia ya kwenda mbele: peleka vyeti vyako ACCA, chama cha wahasibu cha Uingereza, wakuangalizie, mitihani yote ni 13 na isiyozidi 9 unaweza kusamehewa, pamoja na miezi 36 ya uzoefu. Mimi nilianza na pauni 23,500 kwa mwaka, sio hela ya kutambia London. Lakini ukishazijua hesabu za hisani milango inafunguka kwenye mashirika makubwa, Jewish Care na nyumba zake za wazee, Norwood, United Synagogue, shule kama JFS. Matangazo yapo Jewish Chronicle na kwenye tovuti za kazi za hisani. Kwa mliopo Afrika Mashariki mnaoniuliza PM, kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom kule Rwamagana, Rwanda, kilianzishwa kwa mfano wa vijiji vya yatima vya Israeli, na sehemu kama ile lazima awepo mtu wa kuandika ripoti za wafadhili. Ila msitegemee shirika dogo la London likuombee viza, niliyoyaona mimi mengi hayakuwa na kibali cha kumdhamini mtu viza. Dada wewe umeshafika, hilo halikuhusu.

Kama tangazo linafungwa Ijumaa tuma Alhamisi. Na kwenye intavyu ukikutana na mzee mwenye ndevu na kofia usimnyooshee mkono, wengi wao hawashikani mikono na mwanamke asiye mke wao au ndugu wa karibu, wewe weka wako kifuani kama unavyomsalimia shehe, atakuelewa. Ukipata majibu njoo utupe mrejesho.