Kifua kikibana: dakika za kabla ya kufika hospitali

Mtu akipatwa na mshtuko wa moyo, muda mwingi haupotei barabarani. Unapotea nyumbani, watu wakibishana kama ni gesi, vidonda vya tumbo au uchovu tu. Wakati wanabishana, donge la damu limeziba mshipa mmojawapo unaolisha moyo, na msuli unaotegemea mshipa huo huanza kufa ndani ya nusu saa hivi. Msuli ukishakufa hauoti tena.

Msisubiri mgonjwa aseme "moyo unauma". Wengi husema kifua kinabana, kimelemewa, au kinawaka moto, na wakiulizwa ni wapi huweka ngumi katikati ya kifua badala ya kunyoosha kidole. Maumivu yanaweza kupanda shingoni na kwenye taya, au kushuka mkononi, hasa wa kushoto. Jasho la baridi likimtoka mtu aliyekaa tu, hiyo ni dalili nzito. Wanawake, wazee na wenye kisukari wakati mwingine hawana maumivu kabisa: wanaishiwa pumzi, wanapata kichefuchefu, au wanalegea ghafla bila sababu. Na mgonjwa akipata nafuu baada ya kunywa dawa ya kiungulia, nafuu hiyo haithibitishi kwamba moyo uko salama.

Dalili zikizidi dakika 5 akiwa amepumzika, fungeni mjadala na ombeni gari la wagonjwa. Kama halipatikani au litachelewa, tafuteni gari lolote. Mgonjwa asiendeshe mwenyewe, na asitembee hata kushuka ngazi; abebwe kwenye kiti. Wakati mnasubiri, akae sakafuni, mgongo ukiegemea ukuta na magoti yamekunjwa. Hapo moyo hufanya kazi ndogo, na akizimia haanguki kutoka juu. Legezeni nguo zinazombana. Asile chochote.

Sasa aspirini. Katika dawa zinazoweza kuwa nyumbani, hii ndiyo inayookoa maisha, na ndiyo inayokosewa zaidi. Kipimo ni miligramu 300 kwa mara moja: kidonge kimoja cha 300, au vitatu vya 100, au vinne vya 75. Atafune mpaka vilainike, ndipo ameze na maji kidogo. Vidonge vingi vidogo vina utando unaovizuia kuyeyuka tumboni, kwa hiyo akivimeza vizima dawa itachelewa sana kufika kwenye damu. Aspirini haiyeyushi donge lililopo. Inazuia chembe sahani za damu zisiendelee kugandamana na kulikuza. Hata kama anatumia kidonge kidogo kila siku, bado apewe dozi hii. Asipewe kama ana mzio nayo, anatapika damu au anapata choo cheusi kama lami, au upande mmoja wa mwili umelegea na mdomo umekwenda kombo, kwani hapo huenda ni kiharusi, na kama ubongo unavuja damu aspirini itazidisha.

Parasetamo si mbadala; inatuliza maumivu tu. Diklofenaki na ibuprofeni ni hatari kwa moyo ulio katika hali hiyo. Sindano ya maumivu ya makalioni, ambayo watu huikimbilia kwenye duka la dawa, inaleta tatizo jingine: mgonjwa akija kupewa dawa ya kuyeyusha donge, pale alipochomwa panaweza kuvuja damu nyingi ndani ya msuli.

Dawa ya kuweka chini ya ulimi (nitrogliserini, inayotanua mishipa ya damu) ni kwa mtu aliyeandikiwa na daktari peke yake, tena akiwa amekaa, kwa sababu inashusha presha haraka. Kama ametumia dawa za nguvu za kiume, yaani sildenafili ndani ya saa 24, au tadalafili ndani ya saa 48, asiiguse. Presha inaweza kuporomoka hadi kumuua.

Akipoteza fahamu na hapumui kawaida, moyo umesimama. Kukoroma na kuvuta pumzi mojamoja kwa kushtuka si kupumua, na hapa ndipo wengi hudanganyika wakangoja. Mlazeni chali mahali pagumu, si kitandani. Weka kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, viwiko vimenyooka, kisha kandamiza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kirudi juu kila mara. Mbavu zinaweza kuvunjika, endelea. Mpokezane kila dakika 2, maana mikono ikichoka kina kinapungua bila mwenyewe kujua. Mashine ya kushtua moyo ikiwepo karibu, iwasheni na kufuata maelekezo yake. Ule ushauri wa kukohoa kwa nguvu unaozunguka kwenye simu za watu haufai kitu hapa.

Kama mna uchaguzi, mpelekeni penye kipimo cha umeme wa moyo na uwezo wa kuyeyusha donge au kuzibua mshipa, hata kama kuna kituo kidogo kilicho karibu kidogo zaidi. Kipimo hicho kinatakiwa kifanyike ndani ya dakika 10 tangu afike, kwa hiyo mlangoni semeni "maumivu ya kifua" kabla ya jina na kadi. Kikitoka kizuri, ulizeni kitarudiwa lini, kwani cha kwanza huweza kuonekana safi mshtuko ukiwa unaendelea. Mwandike kwenye karatasi saa maumivu yalipoanza, saa alipotafuna aspirini na kiasi gani, pamoja na dawa zake zote za kila siku. Saa ya kuanza ndiyo daktari ataiuliza kwanza, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha donge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 12 tangu hapo.